Kaunta buku ya kwaya tatu kwa mwalimu wa darasa la kwanza: uzuri wake na kasoro zake

Ninayoizungumzia ni ile kaunta buku ya kawaida kabisa: jalada gumu jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu, karatasi za mistari za ukubwa wa A4, kwaya tatu, yaani kurasa 288. Ipo karibu kila stesheneri hapa Dar es Salaam, na wengi wanaijua kama daftari la wanafunzi wa sekondari au la mahesabu ya duka. Mimi nafundisha darasa la kwanza huku Mbagala, na kazi niliyoinunulia ni moja tu: kuandika wanayoyasema watoto darasani. Siyo majibu ya mtihani. Ni yale maneno yanayomtoka mtoto wa miaka sita au saba katikati ya somo, darasa zima likaangua kicheko, nawe ukageukia ubaoni ili wasione unavyojizuia, na kengele ya kutawanyika ikilia umeshayasahau.

Kwa kazi hii sijaona daftari linaloishinda. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia mahali inapokera, maana zipo kaunta na kaunta.

Kwanza nieleze kwa nini nahitaji daftari zuri kwa jambo ambalo wengine wanaliona la kuchekesha tu. Neno la mtoto linaharibika upesi. Ukikaa nalo kichwani mpaka jioni, unalinyoosha bila kujua, unalitia sarufi ya mtu mzima, na utamu unaondoka pamoja na maana. Asubuhi moja ya masika naita mahudhurio, nikamuuliza mvulana mmoja mbona jana hakuja. Akasimama, akafunga mikono kifuani, akasema: "Jana nilikuja, mwalimu, ila sikufika."

Wenzake walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Mimi niliandika palepale, neno kwa neno. Ningelisimulia jioni bila kuandika ningesema "aliishia njiani", na hilo silo alilosema. Wakati wa mapumziko nilimwita anieleze vizuri. Alikuwa ametoka kwao amevaa sare kamili, mfuko mgongoni, kufika bondeni akakuta Mto Kizinga umefurika na njia imefunikwa na maji. Mama mmoja aliyekuwa anapita akamshika mkono akamrudisha. Kwa hiyo alisema kweli tupu: kuja alikuja, kufika hakufika. Rejista ina alama mbili, yupo na hayupo. Kwenye kaunta yangu huyu mtoto ana mstari wake mzima, na siku nyingine mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi sikimbilii kumwekea mtu alama ya utoro kabla sijauliza habari za bondeni.

Sasa tuingie kwenye daftari lenyewe.

Kitu cha kwanza cha kusifia ni mshono. Kaunta nzuri haijagandishwa karatasi moja moja. Imeundwa kwa vifungu vya karatasi zilizokunjwa katikati, kila kifungu kimeshonwa kwa uzi, kisha vyote vikaunganishwa mgongoni na kufunikwa kitambaa. Faida yake utaiona mezani: unaifungua, inalala chali yenyewe, haijifungi. Hili ni jambo kubwa kwa mwalimu anayeandika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika kidole cha mtoto anayefundishwa kuumba herufi "a". Madaftari mengi yanahitaji uyakandamize kwa kiwiko. Hii inakungoja ilivyo.

Jalada nalo linafanya kazi ya meza. Darasa langu lina watoto wengi. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya chini ya shule za huku kwetu yamekuwa yakijaa, na mimi sikai mezani, nazunguka kati ya madawati tangu asubuhi. Naandika nimesimama, kaunta ikiwa juu ya mkono wa kushoto, na jalada halipindi. Nimelijaladia kwa khaki, juu yake nikaweka nailoni, kwa hiyo vumbi la chaki nalifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na uji ukimwagika, kama ulivyomwagika, hauingii ndani.

Ukubwa wa A4 mwanzoni niliuona wa kupitiliza kwa maneno ya mstari mmoja mmoja. Siku hizi nausifu. Ukurasa wa kushoto naandika tarehe, somo, na nilichouliza mimi. Ukurasa wa kulia naandika alichojibu mtoto, bila kusahihisha hata kidogo. Jina siandiki. Naandika "msichana wa dirishani" au "yule wa kaka pacha". Swali na jibu vikikaa hivyo, uso kwa uso, unaanza kuona jambo ambalo darasani lilikupita: mara nyingi mtoto hakukosea. Amejibu swali lingine, na kwa hilo lingine yuko sahihi kabisa.

Chukua ukurasa huu wa somo la kuhesabu. Kushoto: "Una shilingi mia tano. Umenunua penseli ya shilingi mia nne dukani kwa Mangi. Atakurudishia nini?" Nilitaka waseme mia moja. Kulia, kwa mwandiko wangu wa haraka: "Pipi!" Nikauliza, pipi? Darasa zima likanijibu kwa sauti moja, "Pipi mbili!"

Anayeishi Dar es Salaam anajua kwamba hesabu hiyo haina kosa. Mangi wetu akikosa mia moja ya kurudisha, anafungua kopo na kukupa pipi mbili za hamsini hamsini. Watoto hawa hutumwa dukani karibu kila jioni. Hesabu wanaijua, tena wanaijua kwa bei ya leo, ila mimi niliileta kwa sura ambayo hawajawahi kuiona ikitokea. Kesho yake niliweka duka darasani. Maboksi matupu ya majani ya chai, vizibo vya soda kuwa sarafu, na pipi za kukata kwa karatasi. Aliyepiga kelele ya kwanza ya "pipi" nikampa kuwa Mangi. Walitoa na kujumlisha mpaka kengele ikalia, na waliokuwa hawawezi kutoa kwenye ubao niliwaona wanatoa kwa vizibo bila kusaidiwa. Wazo lile limo kwenye kaunta, na kila mwaka nalifungua ukurasa uleule ninapofika mada ya kutoa.

Chini yake kuna lingine la kutoa. Niliuliza: "Una maandazi matano, kaka yako akichukua mawili, utabaki na mangapi?" Msichana wa dawati la mbele akafikiri sana, akajibu: "Matano. Nitamsemea kwa bibi, atayarudisha." Nilimwekea vema kwa maneno, kisha tukaanza upya na kaka ambaye ameshayala.

Vitendawili ndivyo vinavyojaza kurasa nyingi kuliko kitu kingine, na mwalimu yeyote wa madarasa ya chini atakayenunua kaunta aweke sehemu yake maalumu. Kitendawili kina jibu moja ambalo wazee walishakubaliana, na mtoto wa miaka sita bado hajapewa taarifa. Nikasema, "Kitendawili!" Wakaitika, "Tega!" Nikatega: "Nyumba yangu haina mlango." Mikono ikapanda. Wa kwanza akasema choo cha shule. Wa pili akasema kichuguu. Wa tatu, mvulana mpole asiyesema sana, akasimama, akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyetajiwa siri yake, akasema: "Ni kwetu, mwalimu. Baba anasema mlango utawekwa mwisho wa mwezi."

Wenzake walicheka, yeye naye akacheka, na mimi nilicheka nao kwa upendo. Jibu ni yai, niliwaambia baadaye. Lakini kwenye kaunta sikuandika yai. Nusu ya nyumba za mtaa ule zinajengwa polepole, familia inahamia na pazia likiwa mlangoni, na mtoto amefurahi kabisa kuona shule inatega vitendawili kuhusu nyumba yao. Nilimpa kipande cha chaki kama zawadi ya kujibu, na tangu siku hiyo ananyosha mkono.

Huwa nasikitika ninaposikia mwalimu akimwambia mtoto "jibu la kijinga hilo, kaa chini." Jibu la aina hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuchungulia kichwa cha mtoto kinavyofanya kazi, na ukimkalisha mara mbili tu hutalipata tena. Atajifunza kungoja mwenzake ajibu kwanza.

Picha nazo zina maneno yake. Siku ya kuchora niliwaambia wachore nyumbani kwao. Msichana mmoja aliipaka karatasi nzima penseli nyeusi, kona kwa kona, mpaka karatasi ikaanza kung'aa. Nikamuuliza, hii ni picha gani? Akajibu bila kuinua kichwa: "Nyumbani, umeme umekatika." Nikamuuliza, na nyinyi mko wapi? Akaweka kidole katikati ya weusi: "Mama huyu hapa. Mimi huyu hapa. Mtoto amelala." Na kweli, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha unaona alikuwa amewachora wote kwanza, kisha ndipo akawafunika kwa giza. Karatasi ile nimeigundisha ndani ya kaunta kwa gundi, na hapa nisifie tena: kurasa zake zinabeba kitu kilichobandikwa bila kujikunja, almradi usiweke vingi mfululizo.

Kuna siku watoto wananifundisha hadithi ninayodhani naijua. Nilisimulia Sungura na Fisi, ile Fisi anadanganywa mpaka anabaki kisimani akiyalamba maji apate jibini, kumbe ni mwezi unang'aa majini. Nikauliza kama kawaida, tumejifunza nini? Wote wakasema Fisi ni mjinga. Mvulana mmoja akakataa katakata: "Fisi siyo mjinga. Fisi ana njaa." Akaketi. Hakuna aliyecheka. Mwingine akaongeza, "Sungura angemwambia tu chakula kiko wapi," na wa tatu akasema Sungura aitwe kwa mwalimu mkuu. Tuliishia kuendesha kesi ya Sungura, mashahidi wakatoka kila dawati, na hukumu ilikuwa aokote taka uwanjani. Kurasa tatu nzima niliziandika siku ile, na mkono uliniuma. Nimesimulia hadithi hiyo miaka yangu yote ya ualimu na sikuwahi kuulizwa kuhusu tumbo la Fisi.

Yapo mafupi, ya kuandika na kupita. "Nani anapiga kelele?" "Mimi, lakini nimemaliza." Katika kutunza afya na mazingira: "Masikio yana kazi gani?" "Kushikilia miwani ya mwalimu mkuu." Wa kung'oka jino alinijia amefunika mdomo kwa kiganja: "Mwalimu, jino langu limehamia juu ya bati." "Mwaka una miezi mingapi?" "Sita, halafu unalipa kodi tena." Na sokoni Rangi Tatu, nimeinama nachagua nyanya, nikasikia sauti ndogo nyuma yangu yenye wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, nani amekufungulia geti?" Alikuwa anaamini tunalala shuleni. Mama yake aliona haya, akaniamkia mara mbili. Mimi nilimwambia mtoto mlinzi ameniruhusu nirudi kabla giza halijaingia, akatulia.

Ninalolipenda kupita yote lilitokea siku tuliyotembelewa na mthibiti ubora wa shule. Aliketi kwenye kiti kilichotolewa ofisini, akawekewa soda juu ya meza yangu. Baada ya kukagua madaftari akawauliza watoto, ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Daktari, rubani, mwanajeshi, mwalimu, dereva wa mwendokasi. Ikafika zamu ya msichana mdogo kuliko wote. Akasema, "Mgeni."

"Mgeni?"

"Ndiyo. Mgeni anakaa kwenye kiti, anapewa soda, halafu anaondoka."

Mgeni wetu aliweka kalamu chini. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho, kisha akasimama, akamwita yule mtoto, akamkalisha kwenye kiti chake na kumpa soda ile. Msichana aliinywa yote taratibu bila haraka, miguu ikiwa haifiki chini, wenzake wakimtazama kimya. Alipomaliza alisema "asante, kwaherini," akatoka nje ya mlango, akazunguka, akarudi kwenye dawati lake. Haya yote niliyaandika wakati mgeni bado yuko darasani, na aliomba ayasome kabla ya kuondoka.

Nimejaribu vifaa vingine kabla na baada. Daftari dogo la kurasa 48 la mwanafunzi ni jepesi na bei yake ni ndogo, lakini pini za katikati zinaachia, na daftari likiwa dogo kwenye darasa kubwa linabebwa kimakosa na kurudi limeandikwa ba be bi bo bu kila ukurasa. Shajara za mwaka mpya zinazogawiwa na makampuni zina karatasi nzuri sana, ila zimegawanywa kwa tarehe. Watoto hawasemi kwa tarehe. Kuna wiki wako kimya kwa sababu ya mafua, na kuna Jumatatu moja inayojaza kurasa sita.

Simu ndiyo wengi wananishauri. "Warekodi tu, dada," wananiambia. Sikubaliani, na nina sababu mbili. Mtoto akiona simu anabadilika pale pale, anaweka pozi, anaongea kama watu wa video, na lile neno lililokuwa linakuja linakimbia. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Sauti na sura ya mtoto vikishaingia kwenye simu, havikai kwenye simu. Vinakwenda kwenye kundi la WhatsApp, kutoka hapo vinakwenda kwa watu usiowajua, na mtoto atakua akute mji mzima umemcheka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi hakumleta mtoto shule aje kuwa kichekesho cha mtandaoni. Kaunta haina kitufe cha kusambaza. Ninayotaka kuyasimulia nje, kama haya, nayasimulia bila jina, bila shule, na yale tu ambayo mtoto mwenyewe akiyasoma akiwa mkubwa atacheka.

Kwa sababu yapo mengine. Mtoto wa darasa la kwanza hana pazia. Nilipouliza wanyama wanaofugwa nyumbani, mmoja alisema kuku, mbuzi, paka na mjomba, maana mama alisema huyo wanamfuga tu. Hilo nimelicheka na nimeliandika, lakini sikulitaja mbele ya mama, wala sitalitaja. Na kuna maneno ambayo mtoto anayasema kwa sauti ileile ya furaha, wenzake wanacheka, na wewe mwalimu moyo unashtuka: nani alilala wapi, nani alimpiga nani, nani hakula. Hayo hayaingii kwenye kaunta hii. Hayo nayapeleka kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, mlango ukiwa umefungwa. Nasisitiza hili kwa walimu wapya kwa sababu kicheko cha darasa kinaweza kumpitisha mtu juu ya kilio bila kukisikia.

Sasa kasoro.

Ya kwanza ni wino. Kalamu za kawaida za bluu hazina shida, lakini ukitumia kalamu za wino mwepesi au makapeni, maandishi yanatokea upande wa pili na kukuharibia ukurasa. Tumia kalamu ya kawaida tu, na ukipigia mstari tumia penseli ya rangi.

Ya pili ni uzito. Kwaya tatu ikiwa mkononi siku nzima inachosha bega, na kwaya nne yenye kurasa 384 sikushauri kabisa kwa anayeandika amesimama. Kwaya mbili, kurasa 192, ni nyepesi na inatosha kwa mwalimu mwenye darasa dogo. Mimi kwa wingi wa watoto wangu nabaki kwenye tatu.

Ya tatu ndiyo iliyoniudhi. Kaunta yangu ya kwanza ilikuwa imara hivyo nilivyoeleza. Mwaka uliofuata, Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza na darasa la kwanza likiwemo, nilinunua nyingine kwenye duka tofauti, jalada lilelile jeusi, mgongo uleule mwekundu, shilingi 4,500. Kabla ya likizo ya Juni kurasa zilianza kutoka. Nilipoitazama vizuri nikakuta haikushonwa. Karatasi zilikatwa moja moja zikagandishwa kwa gundi, kisha kitambaa kikabandikwa juu kuficha. Joto la darasani linalainisha gundi hiyo, na nyumbani mende wanaipenda. Nilipoteza karatasi kadhaa, mojawapo ikiwa na kesi ya Sungura, nikalazimika kuiandika upya kwa kuwauliza mashahidi wenyewe, ambao kila mmoja sasa alikuwa na hukumu yake. Mwenye duka alikataa kunibadilishia kwa kuwa nilishaiandika. Sitamtaja, maana kaunta za namna hiyo zimejaa kila mahali na huenda naye aliuziwa bila kujua.

Kuna hili pia, ambalo siyo kosa la kaunta: watoto wameshaijua. Nikiishika tu, kuna anayesimama na kusema, "Mwalimu, nimesema kitu, mbona huandiki?" Na kuna wanaotunga. Wanaotunga hawachekeshi, na wenyewe wanashangaa kwa nini. Siku hizi naiacha mezani imefunguliwa, na ninaandika wakati wao wameinama wanaandika. Ijumaa kipindi cha mwisho nawasomea machache bila jina, na mwenyewe hujifichua kwa kunyosha mkono juu kabisa, "Mimi huyo!" Wale wanaoanza kusoma nawapa wasome wenyewe, na hakuna kitabu ninachokijua kinachowafanya waunganishe silabi kwa hamu kama ukurasa wenye maneno yao.

Ukienda kununua, usiangalie jalada. Fungua katikati kabisa, kisha fungua tena sehemu nyingine mbili tatu, utafute mahali karatasi zinapokunjwa. Uzi unatakiwa uonekane, mweupe, umepita juu mpaka chini. Ilaze mezani ukiachia mikono: ya kushonwa inabaki wazi, ya gundi inajifunga au inalia mgongoni. Usiogope kumwomba muuzaji akuteremshie ya rafu ya juu ulinganishe. Na uinunue mapema, wiki ya kwanza ya Januari, kabla wazazi wa sekondari hawajazimaliza, maana watoto wako wa darasani hawatangoji ufungue ukurasa mpya ndipo waanze kusema.